Vipimo vipya na tiba mpya za magonjwa ya ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikitoka habari ya dawa au mashine mpya ya ubongo maswali ni yale yale, kwa hiyo yamewekwa hapa pamoja. Majibu mengine ni marefu maana jambo lenyewe ni refu, mengine ni mistari miwili mitatu. Kama unauguza mtu na huna muda, nenda moja kwa moja kwenye ugonjwa wake, si lazima usome yote.

Mbona kila siku ni vipimo vipimo, si watafute dawa?

Swali la haki kabisa na ndo la kuanza nalo. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauwezi kukatwa kipande kirahisi ukapelekwa maabara kama uvimbe wa kwenye ngozi, kwa hiyo miaka na miaka daktari alikuwa anategemea kumwangalia mtu anavyotembea, anavyoongea, anavyokumbuka, alafu anakisia. Alois Alzheimer alieleza ugonjwa wa kusahau unaobeba jina lake mwaka 1906, lakini karibu karne nzima uthibitisho wa uhakika ulikuwa unapatikana mgonjwa akishakufa na ubongo wake kuwekwa kwenye hadubini.

Sasa utajaribuje dawa kwa watu ambao huna hakika wanaumwa nini? Na hilo lilitokea kweli. Kwenye majaribio makubwa ya mwanzo ya dawa za kuondoa amiloidi, ile protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, skani za PET, zinazoonyesha protini kwenye ubongo wa mtu aliye hai, zilipoingia ikaonekana baadhi ya washiriki hawana amiloidi kabisa. Walikuwa wanapewa dawa ya kuondoa kitu ambacho hawana! Pesa nyingi, miaka mingi, na familia zilizokuwa na matumaini makubwa. Ukifuatilia tiba zilizofanikiwa miaka ya karibuni utakuta nyingi zilitanguliwa na kipimo kilichoonyesha ugonjwa kwa mtu akiwa hai, na ndo maana kwenye majibu ya hapa chini kipimo na dawa vinatembea pamoja.

Kwani CT na MRI, zile mashine za kupiga picha ndani ya kichwa, hazitoshi?

Zinasaidia sana na hakuna anayezidharau. Mgonjwa wa kwanza kupigwa CT ya kichwa alipigwa London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, na kabla ya hapo daktari hakuwa na njia nzuri ya kuona damu iliyovujia ndani ya ubongo. MRI ikafuata, Paul Lauterbur na Peter Mansfield wakapewa Nobeli mwaka 2003 kwa kazi hiyo.

Ila vyote viwili kwa kawaida vinaonyesha umbo: uvimbe, damu, sehemu iliyosinyaa. Magonjwa mengi ya ubongo hayaanzii kwenye umbo, yanaanzia kwenye protini, kwenye kemikali, kwenye umeme wa seli, na yanaweza kukaa humo miaka 10 au 20 kabla umbo halijabadilika vya kutosha kuonekana kwenye picha. Ndo pengo ambalo vipimo vipya vinajaribu kuziba. Umeme wa ubongo unapimwa kwa EEG, kipimo alichokianza Hans Berger kule Ujerumani mwaka 1924 na mpaka leo kifafa bado kinakitegemea. Protini zinaonekana kwa PET, ambapo mtu anachomwa dawa yenye mionzi kidogo inayokwenda kunata kwenye protini inayotafutwa, kisha mashine inasoma imenata wapi. Ya kwanza ya namna hiyo kwa amiloidi ilielezwa kwa binadamu mwaka 2004 na Marekani ikaruhusu moja kwa matumizi ya hospitali mwaka 2012.

Ni kweli kuna kipimo cha damu cha Alzheimer?

Ni kweli. Mei 2025 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kugundua Alzheimer, kinaitwa Lumipulse, cha kampuni ya Fujirebio. Kinapima protini mbili, p-tau217 na amiloidi, alafu kinaangalia uwiano wake. Faida yake ni kubwa, kwa sababu kabla ya hapo ilibidi ama skani ya PET ambayo ni ghali na haipo kila mahali, ama sindano ya mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo, na watu wengi wanaiogopa hiyo sindano.

Ila kisomeni vizuri. Kiliruhusiwa kwa watu wa miaka 55 kwenda juu ambao tayari wana dalili, na kinatakiwa kusomwa pamoja na uchunguzi wa daktari, sio peke yake. Kwenye utafiti wake wa watu 499 chini ya asilimia 20 walipata jibu la katikati, yaani si ndiyo si hapana, na hao wanahitaji kipimo kingine. Pia figo zikiwa hazifanyi kazi vizuri p-tau kwenye damu inaweza kupanda bila Alzheimer, kwa hiyo mwenye shida ya figo amwambie daktari mapema.

Basi nikapime tu hata kama sina dalili, nijue mapema?

Kwa sasa hapana, na najua jibu hili linawaudhi watu. Sababu ni kwamba kuna wazee wana amiloidi kibao kwenye ubongo na wanakufa wakiwa na akili timamu kabisa, kwa hiyo jibu la "unayo" halimaanishi utaugua. Na hakuna dawa iliyothibitishwa kwa mtu asiye na dalili. Hilo linachunguzwa sasa hivi, kuna utafiti unaitwa AHEAD unaojaribu dawa ya lecanemab kwa watu wenye amiloidi ambao bado hawajaanza kusahau, na kuna mwingine kama huo wa donanemab. Matokeo yao yakitoka vizuri jibu hapa litabadilika.

Mzazi wangu anasahau sana, nianzie wapi?

Anzia kwa vitu vinavyotibika. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi taratibu, sonona, maji kujaa kwenye ubongo, dawa fulani za usingizi au za aleji, hata masikio yasiyosikia vizuri, vyote vinaweza kumfanya mzee aonekane amepoteza kumbukumbu. Hivi vinapimwa kwa njia za kawaida tu na baadhi vikitibiwa mtu anarudi. Inauma sana kuona mtu anahangaika kutafuta skani ya kisasa wakati B12 haijapimwa. Hivyo vikishaondolewa ndo uulize habari za p-tau na PET.

Hizi dawa mpya za Alzheimer zinaponya?

Haziponyi. Zinapunguza kasi, na ni lazima lisemwe wazi kwa sababu matangazo yanachanganya watu.

Lecanemab ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Waliopewa dawa walizidi kudhoofika, ila kwa kasi ndogo kwa asilimia 27 kuliko waliopewa plasebo, yaani dripu isiyo na dawa. Kwenye kipimo chenye pointi 18 tofauti yenyewe ilikuwa kama nusu pointi hivi. Wataalamu wenyewe wanabishana kama mtu wa nyumbani ataiona hiyo tofauti. Mimi naona ni hatua kubwa kwa sayansi na hatua ndogo kwa mgonjwa mmoja mmoja, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. FDA iliikubali rasmi Julai 2023, na donanemab ikafuata Julai 2024.

Madhara yapo: ubongo unaweza kuvimba kidogo au kuvuja damu ndogo ndogo, uvimbe huo ulionekana kwa karibu asilimia 13 ya waliopewa lecanemab, wengi bila kuhisi chochote, ila wachache sana waliumia vibaya na kuna waliofariki. Waliorithi jeni ya APOE4 kwa baba na mama wote wana hatari zaidi, kwa hiyo kipimo cha jeni kinafanyika kabla, na MRI zinarudiwa rudiwa wakati wa matibabu. Na haimfai mtu ambaye ugonjwa umeshakwenda mbali, ni ya hatua za mwanzo tu. Hapo tena unaona kipimo kilivyo mlango wa dawa: bila kuthibitisha amiloidi hupewi.

Parkinson nayo ina kipimo?

Kipo kinachokuja vizuri. Tatizo la Parkinson ni kwamba mtu akianza kutetemeka mkono, sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwili, imeshakufa. Dawa ya levodopa ambayo imetumika tangu miaka ya 1960 inarudisha dopamini na inasaidia mno, ila haizuii seli kuendelea kufa.

Mwaka 2023 watafiti wa PPMI, mradi mkubwa wa kufuatilia Parkinson, walitoa matokeo ya kipimo kinachotafuta protini ya alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya. Namna kinavyofanya kazi inapendeza: protini ikishajikunja vibaya huwa inaambukiza zenzake zijikunje hivyo hivyo, kwa hiyo maabara inachukua maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa, inaongeza protini zisizo na kasoro, na kama ndani kuna hata punje chache mbovu zitaziharibu nyingine mpaka mashine ione. Kwa watu zaidi ya 1,100 waliochunguzwa, kilikamata karibu asilimia 88 ya wenye Parkinson, na kwa wale waliopoteza uwezo wa kunusa kilikamata zaidi hata. Kilikuwa chanya pia kwa baadhi ya watu ambao bado hawana mtetemeko ila wana dalili za mapema, kama kupiga mateke na kupigana usingizini wakiwa wanaota.

Kinachobaki ni kukitoa mgongoni kukileta kwenye damu au kwenye kipande kidogo cha ngozi, na watu wanakazana na vyote viwili.

Kuna watu huitwa wendawazimu kumbe ni ugonjwa wa ubongo?

Wapo, na hili swali nalijali kuliko mengi hapa. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kingamwili za mtu mwenyewe zinashambulia vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe. Mara nyingi ni binti au mwanamke kijana, alikuwa mzima, ndani ya wiki chache anaanza kuona vitu, anapiga kelele, anasema maneno yasiyoeleweka, mdomo unachezacheza wenyewe, anapata degedege, anaweza kufika kushindwa kupumua. Kabla ya kipimo kupatikana wengi waliishia wodi za wagonjwa wa akili au kwenye maombezi, na wengine walikufa bila kujulikana walikuwa na nini.

Kipimo chake kinatafuta kingamwili hizo kwenye maji ya uti wa mgongo na kwenye damu. Tiba ni dawa za kutuliza kinga ya mwili, na kama kuna uvimbe kwenye ovari, maana kwa baadhi ya wanawake ndo chanzo, unatolewa. Utafiti wa wagonjwa 577 uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya miaka 2 karibu 8 kati ya 10 walikuwa vizuri. Nane kati ya kumi, kwenye ugonjwa ambao muda mfupi tu nyuma haukuwa na jina! Na waliowahishwa kutibiwa ndo waliopona vizuri zaidi. Kwa hiyo kijana asiye na historia ya ugonjwa wa akili akibadilika ghafla hivyo, alafu kuna degedege au homa au mwili kukakamaa, familia iombe achunguzwe ubongo, isikubali kufunga jalada mapema.

Kwa nini dawa nyingi za ubongo zinafeli?

Mbali na lile la kujaribu kwa mgonjwa asiye sahihi, kuna ukuta. Mishipa midogo ya damu ya kwenye ubongo ina seli zilizobanana kiasi kwamba dawa nyingi zinazunguka mwili mzima haziingii ubongoni. Ukuta huo ni mlinzi, unazuia sumu na vijidudu, ila unaizuia na dawa. Alafu panya si mtu, dawa kibao zimemponya panya wa maabara zikafika kwa binadamu zikashindwa. Siku hizi watafiti wanakuza pia vipande vidogo vya tishu ya ubongo kutoka kwenye seli za binadamu, njia iliyoelezwa na kikundi cha Vienna mwaka 2013, vinasaidia kuona mambo ambayo panya hana.

Huo ukuta haufunguki?

Unafunguka, kwa ultrasaundi. Mgonjwa anachomwa viputo vidogo sana vya gesi kwenye mshipa, kisha mawimbi ya sauti yanaelekezwa kutoka nje ya fuvu hadi sehemu moja ya ubongo, viputo vinatikisika na kuachanisha zile seli kwa muda, baadaye ukuta unajifunga wenyewe. Hakuna kisu. Watafiti wa Sunnybrook, Toronto walionyesha mwaka 2018 kwamba inawezekana kwa wagonjwa wa Alzheimer bila madhara makubwa. Mwaka 2024 kikundi cha West Virginia kikaripoti wagonjwa watatu waliopewa dawa ya kuondoa amiloidi huku upande mmoja wa ubongo ukifunguliwa, na upande huo amiloidi ilipungua zaidi kuliko upande ambao haukufunguliwa. Watatu ni wachache, msikimbie nayo, lakini wazo limethibitika.

Ultrasaundi hiyo hiyo ikiongezwa nguvu inaweza kuchoma kidoa kidogo ndani ya ubongo. FDA iliiruhusu mwaka 2016 kwa watu wenye mtetemeko wa mikono usiosikia dawa. Mgonjwa anakuwa macho ndani ya MRI, anachorachora karatasi ili daktari aone mkono unavyotulia.

Ile ya kuweka waya kwenye ubongo ni salama? Si itamgeuza mtu?

Ni upasuaji, kwa hiyo damu kuvuja na maambukizi vinaweza kutokea, si mara nyingi. Lakini si kitu cha majaribio tena kwa Parkinson. Alim Louis Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa walianza mwaka 1987, FDA ikairuhusu kwa Parkinson mwaka 2002, na mpaka sasa imefanyiwa watu wengi sana duniani. Elektrodi nyembamba inaingizwa ndani kabisa, betri inakaa kifuani chini ya ngozi, umeme mdogo unatuliza mtetemeko. Haimfai kila mtu, anayefaidika zaidi ni yule ambaye levodopa bado inamsaidia ila inapanda na kushuka.

Jipya ni kwamba kifaa chenyewe sasa kinapima. Zamani kilikuwa kinapiga umeme ule ule saa 24. Februari 2025 FDA iliruhusu mfumo wa Medtronic unaosoma mawimbi ya ubongo wa mgonjwa na kuongeza au kupunguza umeme wenyewe kulingana na hali yake ya wakati huo. Kipimo na tiba kwenye waya mmoja.

Kuhusu kubadilika tabia: kuna wagonjwa wachache ambao mood au maamuzi yao yalibadilika baada ya kuwekewa, mara nyingi inarekebishika kwa kubadilisha mpangilio wa umeme. Ndugu ndo huona kwanza, kwa hiyo waende pamoja na mgonjwa kliniki.

Chipu za ubongo zinasoma mawazo?

Hapana. Zinasoma jaribio la mtu la kusogeza kitu, mkono au midomo au ulimi. Mwaka 2023 vikundi viwili, cha Stanford na cha San Francisco, vilionyesha watu waliopoteza uwezo wa kuongea wakitoa maneno 62 na 78 kwa dakika kupitia kompyuta, na mwaka 2024 kikundi cha UC Davis kikaripoti mwenye ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, aliyewekewa elektrodi 256, kompyuta ikapatia karibu asilimia 97 ya maneno. Mtu aliyekuwa hasikiki akaongea tena na familia yake. Bado ni utafiti, wagonjwa ni wa kuhesabu, na suala la nani anamiliki data zinazotoka kichwani mwa mtu linatakiwa kutungiwa sheria sasa, sio vifaa vikishasambaa.

Kiharusi je, kuna jipya?

Kiharusi ndo mfano mzuri kuliko yote wa kipimo kuokoa mtu. Kuna cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, na kwa nje vinafanana kabisa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inamsaidia wa kwanza na inaweza kumuua wa pili, kwa hiyo bila CT hakuna daktari atakayethubutu. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha dawa hiyo inafanya kazi ikitolewa ndani ya saa 3, baadaye ikasogezwa hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 majaribio matano yakathibitisha kwamba kuingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa na kuvuta bonge lenyewe kunasaidia sana mshipa mkubwa ukiziba. Kisha mwaka 2018 ikaonekana kwamba skani ikionyesha kuna sehemu ya ubongo bado haijafa, hata mtu aliyefika saa 24 baadaye anaweza kusaidika. Picha ndo iliongeza muda, tiba yenyewe wala haikubadilika.

Hilo la saa 24 lisikupe uvivu. Ni kwa baadhi tu, na kiharusi cha mshipa mkubwa kinaua seli za ubongo kama milioni 1.9 kila dakika isipotibiwa. Uso umepinda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri: hospitali yenye CT, sasa hivi. Kule Saarland, Ujerumani walianza mwaka 2008 kuweka CT ndani ya ambulansi ili mgonjwa apimwe mlangoni kwake.

Na kifafa?

Dunia ina watu kama milioni 50 wenye kifafa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila degedege wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Karibu asilimia 80 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo kwa kifafa uchache wa vifaa vya kisasa sio tatizo la kwanza kabisa, ni kwamba dawa za zamani na za bei nafuu hazijamfikia mtu.

Kwa wale kama theluthi moja ambao dawa haziwasaidii kuna upasuaji, na kuna kifaa kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2013 kinachowekwa kwenye fuvu, kinasikiliza umeme wa ubongo na kikiona degedege linaanza kinapiga umeme mdogo kulikata. Pia kinatunza kumbukumbu za miezi na miaka, na kutokana nazo watafiti wamejifunza kwamba degedege la mtu mara nyingi lina mzunguko wake.

Tiba ya jeni imefika wapi?

Imefika mbali kwa magonjwa machache ambayo jeni yake inajulikana. Watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha AADC hawawezi kutengeneza dopamini, wengi hawashiki hata shingo. Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2024 ziliruhusu tiba ambapo virusi visivyo na madhara vinabeba jeni isiyo na kasoro na kupelekwa moja kwa moja ndani ya ubongo kwa upasuaji, na kuna watoto waliotibiwa wakaweza kukaa, wengine kutembea.

Kwa ALS kuna tofersen, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023 kwa wenye kasoro ya jeni ya SOD1, ambao ni kama asilimia 2 tu ya wagonjwa wa ALS. Kilichoibeba ni kipimo: protini ya neurofilamenti kwenye damu, inayomwagika seli za neva zinapoharibika, ilishuka kwa waliopewa dawa, na FDA ikakubali kutumia hilo kama dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo taratibu na ambao jeni yake ilipatikana mwaka 1993, umesubiri muda mrefu. Septemba 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza kwamba waliopewa dozi kubwa ya tiba yake ya jeni, watu 12 waliofuatiliwa miaka 3, ugonjwa ulipunguza kasi kwa asilimia 75. Ni habari iliyowaliza wengi wenye ugonjwa huo kwenye ukoo. Ila walilinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine wa nje ya utafiti, na idadi ni ndogo, kwa hiyo bado inahitaji kupitiwa kwa makini.

Seli shina? Kuna kliniki inasema inatibu kila kitu.

Ikimbie. Aprili 2025 zilitoka tafiti mbili za kweli za kupandikiza seli za dopamini zilizokuzwa kutoka seli shina kwa wagonjwa wa Parkinson, moja ya watu 12, nyingine ya Kyoto ya watu 7, na lengo kuu lilikuwa kuona kama ni salama. Wataalamu wanaoongoza duniani mwaka huo walikuwa kwenye hatua hiyo, sasa huyo anayekuuzia sindano ya seli kwa kiharusi, usonji, Alzheimer na Parkinson kwa pamoja amepata wapi majibu yake? Anayekutaka ulipie ili uwe kwenye "utafiti" muulize namba ya usajili wa utafiti huo na kamati gani ya maadili imeupitisha. Kuna watu walichomwa seli za namna hiyo wakaota uvimbe kwenye uti wa mgongo.

Akili mnemba itachukua nafasi ya daktari?

Haitachukua. Inasaidia kuharakisha: tangu 2018 kuna programu zilizoruhusiwa Marekani zinazosoma CT ya kiharusi na kumpigia kengele daktari kama mshipa mkubwa umeziba. Kasoro yake ni kwamba inajua watu iliofundishwa nao tu, na picha nyingi za mafunzo zimetoka kwenye nchi tajiri, kwa hiyo ijaribiwe upya kwa watu itakaowahudumia.

Haya yote si ya matajiri?

Mengi kwa sasa ndiyo, na haifai kulifunika. Ila kuna utafiti unaolenga hapo hapo. Kipimo cha damu ni mfano mmoja. Mwingine ni MRI ndogo ya magurudumu iliyoruhusiwa mwaka 2020, yenye nguvu ya tesla 0.064 wakati za kawaida za hospitali ni 1.5 au 3. Picha yake haina ubora ule, lakini inachomekwa kwenye umeme wa kawaida wa ukutani, haihitaji chumba maalumu, inasukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa, na kwa mtoto mwenye kichwa kinachojaa maji inatosha kabisa kumwamulia daktari.

Nataka kushiriki utafiti, nifanyeje?

Muulize daktari wako wa neva, au tafuta kwenye sajili za wazi za majaribio kama ClinicalTrials.gov, unaandika ugonjwa na nchi. Utasomewa fomu ya ridhaa, idai kwa lugha unayoielewa na uende nayo nyumbani mkaisome na ndugu. Uliza: je, kuna uwezekano nikapata plasebo? Nikiumia nani atanitibu? Dawa ikifanya kazi nitaendelea kuipata utafiti ukiisha? Damu yangu na picha zangu zitatunzwa wapi na nani atazitumia? Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na matibabu yako ya kawaida hayatakiwi kuguswa.

Wazima pia wanahitajika, maana bila kujua damu ya mtu asiyeumwa inaonekanaje huwezi kusema ya mgonjwa imezidi wapi. Na kama mzee ana kifaa cha kusaidia kusikia, miwani au dawa za kila siku, viandikwe vyote kwenye fomu na aende navyo siku ya kwanza, kwa sababu majaribio ya kumbukumbu yanafanywa siku hiyo na asiposikia maswali atahesabiwa kuwa amesahau.